Sangara wa Kilindini

Waliosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame labda hawakuwahi kuona ziwa likiganda. Walimaanisha kuwa anayekitaka kitu kwa dhati hana budi kuikubali adha ya kukitafuta, hata ikibidi kujishusha. Hilkka aliijua maana hiyo tangu utotoni, ila shingo yake ilikuwa ngumu.

Mumewe, Taisto, alirudi kutoka hospitali amekonda kama ng'onda. Chakula alikigusagusa kwa uma, kisha akageukia dirishani. Asubuhi moja alisema polepole, kama mtu aliye ndotoni, "Ningepata mkate wa sangara, ningekula." Ni ule mkate mweusi unaookwa ukiwa na sangara wa milia waliojazwa tumboni mwake. Hilkka alifurahi hata machozi yakamlengalenga. Alichukua keekee ya kutobolea barafu, kigoda na mshipi, akashuka ziwani.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya barafu, mpaka wa mbingu na ziwa haukujulikana. Hilkka alitoboa tundu kando ya matete, pale alipokuwa akivua samaki tangu majani yalipoanza kupukutika. Akakaa wima, akauchezesha mshipi. Hakuna samaki aliyegusa. Baridi ikishika, sangara huhamia kilindini, kwenye maji marefu, naye alilijua hilo. Alijua pia kwamba kilindi chenyewe anakijua mtu mmoja tu, wifi yake Saimi, dada wa Taisto.

Saimi alikuwa kule mbele, kivuli kidogo ndani ya ukungu. Hawakuwa wamesemezana tangu majira ya baridi yaliyopita, siku Hilkka alipomwona akivuta samaki mfululizo, akaenda kutoboa tundu lake ubavuni pake. Katika ziwa lile, afadhali umkalie mtu kiti chake kanisani kuliko kumfanyia hivyo. Saimi alichukua kigoda chake akaondoka. Hilkka hakuomba radhi. Alisema ziwa halina mwenyewe.

Sasa alikaa mpaka vidole vikafa ganzi. Akaufikiria uso wa Taisto dirishani. Akaukunja mshipi, akatembea, akasimama mbali kidogo kama mgeni anayebisha hodi.

"Wifi."

Saimi hakugeuka. "Umeikumbuka njia? Leo unataka kutoboa wapi, pajani kwangu?"

"Nilikukosea, Saimi. Kwanza nilikuwa na tamaa, halafu nikawa na kiburi. Nisamehe. Kaka yako ameomba mkate wa sangara."

Saimi aliacha kuuchezesha mshipi. "Taisto? Ameomba kula?"

"Kwa kinywa chake mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa unavua nini kule kwenye matete? Mafua?" Lakini alikisogeza kigoda chake kumpisha. "Njoo. Toboa hapa hapa, ubavuni pangu."

Tundu lilipokamilika, Saimi alimwambia alale kifudifudi. Hilkka alilala juu ya barafu, akajifunika koti kichwani, akachungulia. Chini kulikuwa na mwanga wa kijani, mtulivu, kama wa alfajiri isiyokucha. Saimi aligongagonga tope la chini kwa chambo chake cha bati, likafuka wingu dogo. Kutoka gizani wakaja sangara, milia yao ikionekana na kupotea, mapezi mekundu yakipepea taratibu, kama majirani waliosikia ngoma wakaja kutazama. Hilkka alijisahau, akalia.

"Usiwalilie, wifi, wataingia chumvi kabla ya kuokwa," Saimi alisema, akavuta wa kwanza.

Kesho yake mkate ulitoka tanurini. Taisto alikula kipande chake chote, akafuta sahani kwa kidole, akaisukuma mbele. "Kingine," alisema. Saimi aliinama kumkatia, na Hilkka akalitazama koti lake ukutani, kifuani bado bichi kwa maji ya barafu. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.