Shule ya Fisi Isiyofelisha

Mwaka ule jua lilikausha hata matope. Wanyama wakaambiana kwamba nyasi zikiisha, watoto wale elimu. Mbio za kutafuta shule ya sekondari zikaanza, na umbea nao ukaanza, maana pasipoota majani huota maneno.

Shule zilikuwa mbili. Kwa Kobe walifanya mtihani arobaini, wakafaulu thelathini. Kwa Fisi walifanya tisa, wakafaulu wote tisa.

"Mia kwa mia," Fisi alijisifu, huku akijilamba. "Na ada yangu ni chakula tu, jamani."

Mama Kanga alikuwa na binti mmoja, Tondo, na kikapu kimoja cha mtama wa mbegu. Siku ya mkutano wa wazazi akajitwika kikapu, akaenda kwa Fisi. Sungura alishafika, penye watu yeye hakosi.

"Mama Tondo, mbegu hizo unampa nani?"

"Mwalimu Fisi. Kwake hafeli mtu."

"Hata mimi nikishatoa mawe, mchele wangu hauna mawe. Umeuliza alioanza nao kidato cha kwanza wako wapi?"

Mama Kanga akakikumbatia kikapu.

Mgeni rasmi alikuwa Simba, manyoya yamepakwa mafuta, kikombe cha ushindi cha kumpa Fisi mkononi. Sungura akasimama. "Mtukufu, kwanza wimbo wa shule. Shule bila wimbo ni harusi bila pilau."

Fisi aliposikia pilau akakubali hapo hapo.

Wale tisa wakaanza kwa sauti nyembamba. Lakini wimbo ulioimbwa kila asubuhi mstarini haukai kooni. Ngiri, aliyekuwa akiuza ndizi nje ya ua, akadakia. Punda akatua madumu ya maji, akaweka kwato kifuani. Nyani waliokuwa wakiezeka paa wakaitikia. Vichaka vikaimba, njia ikaimba, mpaka ubeti wa tatu, ambao Fisi mwenyewe haujui.

"Ninyi mmesoma wapi?" Simba akauliza.

"Hapa hapa, Mtukufu," akajibu Punda. "Mtihani ulipokaribia mwalimu akatufukuza. Alisema tutamharibia mia yake."

"Na ada zenu?" Mama Kanga akadakia.

"Ziko tumboni mwake."

Fisi akajikuna. "Walikuwa wazito wa kuelewa, Mtukufu."

"Mzito ndiye anayepelekwa shule," akasema Mama Kanga. "Mwepesi angejifundisha jikoni."

Simba akaona aibu ya kupambwa kwa ajili ya tisa, akanguruma. Fisi akatimua mbio, na wanafunzi wake wa zamani nyuma yake, wakimwimbia kiitikio mpaka ng'ambo ya kilima.

Kobe ndio kwanza alikuwa anaingia mkutanoni. Akakabidhiwa kikombe, asijue cha nini.

"Mwalimu, binti yangu akiwa katika wale kumi wanaofeli?" Mama Kanga akamuuliza.

"Atarudia, nami nitarudia naye. Mtama wako kapande, mama. Ada utaleta ukivuna."

Mama Kanga akacheka hadi madoa yakamtikisika. Njia ya mwongo ni fupi.