Tiara Iliyomwinua Mchomeleaji

Kulikuwa na mchomeleaji mmoja wa mageti, ndugu zangu, mtu wa mikono mizito na maneno machache, na mtu huyu alikuwa na starehe moja tu duniani: kurusha tiara.

Naona vijana mnacheka. Msidhani nasema tiara ya gazeti na njiti za ufagio. Hii ilikuwa ya nailoni, pana kama turubai la lori, na kamba zake nne zilikuwa na nguvu ya kuburuta gari. Kamba zilifungwa kwenye fimbo, na fimbo ikaungwa kwenye mkanda mpana uliomkaza mrushaji kiunoni na mapajani. Mtu harushi tiara ya namna hii kwa vidole. Anajifunga nayo mwili mzima. Kwa usalama wake, hapo kwenye mkanda pana kishikizo chekundu: ukikivuta, kila kitu kinaachia, wewe unabaki chini na tiara inakwenda zake.

Alikuwa akiirushia kwenye uwanda wa ziwa lililokauka, kule katikati ya nchi, mahali ambapo ardhi ni nyeupe kwa magadi na upepo wa Agosti haukutani na ukuta wala mti. Hakwenda peke yake. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na tiara ilipochanika ni yeye aliyeishona. Naye alikuwa akiirusha. Nataka mlishike hilo: mwanamke huyu hakuwa mtu wa kuchukia furaha ya mwenzake. Aliijua ile hali ya kitambaa kujaa upepo ghafla, kamba zikaanza kuimba, na mwili wako wote ukahisi kwamba kuna mkono mkubwa umekushika na bado haujaamua la kufanya nawe.

Sasa siku moja upepo ulikuja kwa namna nyingine. Ulikuwa ukivuma, unanyamaza, halafu unarudi kwa kishindo. Mke akapiga macho upande wa mashariki, akaona vumbi limesimama.

"Baba Nyemo, leo tukunje," akasema. "Huu si upepo wetu."

"Mara moja tu, Mama Nyemo. Uone jinsi inavyonivuta!"

Mara moja tu. Nani kati yetu hajawahi kulisema neno hilo?

Akairusha. Na wapendwa, sitawadanganya ili mahubiri yangu yawe mepesi: ilikuwa ajabu. Tiara ilipanda, ikajaa, na yule mtu mzito akainuka kutoka ardhini kama unyoya. Akapita urefu wa nyumba. Akapita urefu wa mnara wa kanisa. Huko juu hakusikia kelele yoyote, kwa maana alikuwa anakwenda pamoja na upepo wenyewe. Akaona uwanda wote umetandazwa chini yake kama shuka safi. Akaona mvua ikinyesha mbali, juu ya vilima ambavyo hakujua kama vipo. Akaona ndege wanaruka, naye anawaona migongo. Akalia machozi, mtu mzima yule. Akasema, "Ee Mungu, kumbe ndivyo unavyoiona!"

Je, alikosea kulia? Hapana. Ukiinuliwa hivyo usipolia, una tatizo.

Tiara ikamshusha taratibu, miguu ikagusa chini, naye akadhani imekwisha. Ndipo kishindo kikaja. Tiara ikageuka, ikampiga chini, ikaanza kumburuta juu ya magadi, ikimwinua na kumtupa, ikimwinua na kumtupa. Mke akakimbia. Alikimbia hata viatu vikamtoka, akaruka, akaushika ule mkanda kwa mikono yote miwili. Na hata uzito wa watu wawili upepo ule haukuuhesabu kitu. Wakainuka wote, wakatua, wakainuka tena.

"Achia!" mke akapiga kelele. "Baba Nyemo, vuta uachie!"

"Subiri! Ninayo! Naishusha sasa hivi!"

"Achia, nakuomba!"

"Nimesema ninayo!"

Alikuwa nayo? Au ilikuwa naye?

Mke hakuomba tena. Akapitisha mkono tumboni pa mumewe, akakishika kile kishikizo chekundu, akakivuta.

Wakaanguka kama magunia. Mume akavunjika mfupa wa bega, mke akapasuka mdomo. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwa yule mwanamume halikuwa "asante". Lilikuwa, "Umefanya nini? Umeitupa! Nilikuwa nayo mkononi, nawe umeitupa!"

Mke akajiinua kwa kiwiko. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu na magadi. Akanyoosha kidole tu.

Tiara ilikuwa inabiringika mbele yao, tupu, nyepesi, nzuri. Mahali uwanda unapoishia zilisimama nguzo za chuma za umeme mkubwa. Tiara ikapanda, kamba zake zikajizungusha kwenye nyaya, na mbingu ikapasuka kwa mwanga wa buluu. Mlio wake ukawapiga vifuani. Kitambaa kikayeyuka, kikadondoka chini matone ya moto. Zile nguzo hazikuwa mbali. Pumzi mbili tatu za upepo ule, na wangekuwa pale wote wawili.

Mume akakaa chini. Akayatazama yale matone ya moto. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Ulijuaje?"

Mke akatema damu, akasema, "Sikujua neno. Ila wewe ulikuwa unatazama juu, na ni kweli juu kulikuwa kuzuri. Mimi nilikuwa natazama tunakokwenda."

Sasa tuje kwetu, ndugu zangu. Yule bwana alibahatika. Aliambulia hasira dakika moja tu, kisha akaonyeshwa nguzo. Sisi tunanyang'anywa jambo, na hatuonyeshwi kitu. Tunabaki uwandani na maumivu ya bega, tunamlaumu aliyevuta, miaka inapita. Sisemi kila tulichopoteza kilikuwa kinakwenda kwenye moto. Siwezi kusema hivyo mbele ya mama aliyezika mtoto, na Mungu anisamehe kama niliwahi kusema. Lakini ninyi mnaonisikiliza mnajua ninyi wenyewe kile kilichokuwa kinawainua: ile kazi, yule mpenzi, ile sifa, ile chupa. Kilikuwa kitamu, naam, mlilia kwa utamu wake. Na palikuwa na mtu mmoja aliyekuja mbio pekupeku, akakuomba, ukakataa, akavuta. Leo husalimiani naye. Akikaa benchi hili, wewe unakwenda lile.

Mtu huyo yumo humu ndani? Basi ibada ikiisha usikimbilie mlangoni. Mfuate, ukae karibu naye, umuulize jambo ambalo miaka yote hii hujamuuliza: "Siku ile, wewe uliona nini?"