Kidari cha Aliyempoza Mbonea

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana jenereta zilikuwepo na petroli ilishakuwa ghali, aliishi mwanamke mmoja wa Upare aitwaye Nakijwa. Mumewe aliitwa Mbonea, dereva wa lori. Miaka ishirini na miwili Mbonea alipita barabara kuu chini ya milima, na kila alipopita alitupa jicho kule nyikani wanakoishi tembo, akasema, "Siku moja nitakata kona niwafuate." Hakukata kona. Lori lilipinduka, uti wa mgongo ukavunjika, miguu ikafa. Tena mwili wake ukaacha kutoa jasho. Daktari akamwambia Nakijwa, "Mama, joto litamuua huyu kabla hujamaliza kusonga ugali. Mweke penye ubaridi."

Mwingine angemfungia mumewe chumbani. Nakijwa alikuwa fundi cherehani, na miaka miwili alishona sare za shule mpaka akanunua kosta chakavu, basi dogo la abiria. Akang'oa viti, akaweka kitanda, friji ndogo na jiko, na juu ya paa akafunga kiyoyozi. Nyuma akafunga jenereta. Likawa gari, likawa nyumba. "Baba Elinaike," akasema, "leo tunakata kona."

Wakafika kwenye kambi ya watalii kule nyikani. Jioni ile tembo wakapita mbele ya dirisha, mmoja, wawili, kumi na wanne. Mbonea akalia, wala hakujificha. Nakijwa akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake saa sita mchana akaja jirani, Mwalimu Kiangi, mstaafu aliyepiga hema pembeni kwa ajili ya kupiga picha za ndege. "Hodi! Nimekuja kuwasalimu, na kama kuna chai sikatai." Jamani, mgeni ameomba chai, nani atamnyima? Nakijwa akachomeka birika la umeme. Kiyoyozi kinavuta, friji inavuta, na birika nalo likavuta. Jenereta ikaguna, ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima moja kwa moja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo nusura mwenyeji azikwe.

Umeme wa kambi ulikuwa wa pampu ya kisima tu, na waya wake haukufika hapo. Waondoke? Mji ulikuwa mbali, saa mbili za vumbi ndani ya bati la moto. Uso wa Mbonea ukaiva, maneno yakaanza kumpotea. Nakijwa akapiga yowe.

Wa kwanza kufika alikuwa Havintishi, mpishi wa kambi. Hakuuliza kitu. Akamvua Mbonea shati, akavua kanga yake, akailowesha, akamfunika. Akapepea kwa ungo. Kanga ikikauka analowesha, ikikauka analowesha. Ndoo sita za maji zikaisha, na makande ya wageni wake yakaungua jikoni mpaka sufuria ikatoboka. Saa nzima alipepea. Na Mbonea akawa bado hai.

Mwalimu Kiangi naye alikimbilia hemani, akaja na jenereta yake ndogo ya kuchajia kamera. Haikuwa na mafuta. Akatia mpira kwenye tangi la pikipiki yake, akafyonza kwa mdomo, nyingine akaimeza, akatoa petroli yote mpaka tone la mwisho. Jenereta ikawaka. Lakini kila kiyoyozi kilipotaka kuanza, jenereta ilizima. Mara ya kwanza ikazima, ya pili ikazima, ya tatu ikazima. Na Mbonea akawa bado hai, ila kwa shida.

Hapo akafika Fundi Mchome, mtunza pampu ya kisima cha kambi. Akatega sikio. "Hiki kiyoyozi ni ng'ombe aliyelala," akasema. "Kumwinua ndiyo kazi. Akishainuka anatembea mwenyewe." Akakimbia kisimani, akang'oa kapasita ya pampu, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza. Akapanda juu ya paa, bati likamchoma magoti, akaifunga kwenye kiyoyozi. "Zimeni friji. Chomoeni birika. Haya, washa!" Jenereta ikainama, ikainuka. Ubaridi ukashuka. Kambi nzima ikakosa maji siku mbili, na bosi wake akampa barua ya onyo.

Mbonea akafumbua macho. Akamwona Mwalimu mlangoni, akauliza, "Mgeni amepata chai?" Nakijwa akacheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya tatu wakachinja mbuzi. Sasa, ukoo wa Mbonea una desturi yake. Ukiokolewa mautini, kidari cha mbuzi humwendea aliyekuokoa, na aliyekila anakuwa ndugu wa damu. Kidari hakikatwi, wala hakiliwi na wawili. Na mke wa nyumba ndiye anayekikabidhi. Tena binti yao Elinaike alikuwa anaolewa mwaka huohuo. Atakayekula kidari ndiye atakayemshika mkono siku ya harusi, mahali pa baba asiyeweza kusimama.

Nakijwa akasimama na sahani.

Mwalimu Kiangi akakohoa. "Mama Elinaike, mimi ni mtu mzima, sioni haya kusema. Bila jenereta yangu, kiyoyozi kilikuwa sanduku tu. Hata leo mdomo wangu unanuka petroli, na pikipiki nitaisukuma mpaka mjini."

Havintishi akacheka. "Shikamoo Mwalimu, lakini jenereta yako ingekuja kupoza maiti. Ile saa nzima nani alimshika asiende? Na hiyo chai iliyoua umeme, aliiomba nani?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Niliiomba mimi. Lakini na wewe dada, ni nani aliyewaonyesha waegeshe juani badala ya kivulini?"

"Ni mimi," Havintishi akajibu taratibu. "Nilitaka baba awaone tembo."

Fundi Mchome alikuwa anachora chini kwa kijiti. "Maji yalikuwepo, petroli ilikuwepo, na kiyoyozi kilikataa mara tatu. Sisemi zaidi. Barua yangu hii hapa mfukoni." Kisha akaongeza, maana hakuwa mtu wa kuficha, "Ile jenereta yao niliisikia inalalamika tangu jana yake. Sikuulizwa, nikanyamaza."

Mbonea akasema kutoka kitandani, "Hayo makosa msiyataje tena. Nimewaona tembo, na nimeamka asubuhi tatu nisizokuwa na haki nazo. Nawashukuru nyote, na shukrani yangu haina mwisho. Lakini kidari ni kimoja. Mama Elinaike, kama ni hiari yangu ningekupa wewe uliyenileta."

"Mimi ndiye niliyechomeka birika," Nakijwa akasema. "Na mimi ni wako tayari. Kidari ni cha kutuongezea ndugu."

Akawatazama mmoja mmoja. Wiki iliyopita hakumjua hata mmoja wao. Sasa angependa wote watatu wamshike mwanawe mkono, na mkono aliokuwa nao Elinaike wa kushikwa siku ile ulikuwa mmoja.

Nyama inapoa, wenzangu, na mama wa watu bado amesimama. Yuko aliyeizuia roho isitoke, yuko aliyeleta moto, na yuko aliyeuamsha ubaridi. Ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, mwambieni Nakijwa: je, sahani aiweke mbele ya nani?