Viti Viwili Katika Nyumba ya Watawa

Mwanamke mmoja Myahudi alikuwa na mwana mmoja tu, mwanajeshi aliyeuawa angali kijana, akamzika. Mama huyo aliitwa Tirza.

Baada ya msiba hakutafuta kisasi. Kila mwezi alikwenda kwenye nyumba ya watawa iliyo kando ya barabara kuu, mahali ambapo Waisraeli na Wapalestina waliweza kufika, akaketi na watu waliofiwa kama yeye. Walikuwa kumi na wanne. Walisimuliana habari za marehemu wao, wakabishana, wakalia, wakaagana. Wakaendelea hivyo miaka tisa.

Kisha ikaja vita kali kuliko zote. Mmoja akasema ana mgonjwa. Mwingine akasema watoto wamemkataza. Wengine waliacha tu kuja. Wakabaki wawili: Tirza, na Inaam, mwoka mikate Mpalestina ambaye kaka yake aliuawa kwa risasi ya askari. Jirani wa Tirza aliacha kumjibu salamu wakipishana kwenye ngazi. Wateja wa Inaam walianza kununua mikate kwingine.

Mwezi mmoja Tirza alifika akiwa na neno moja tu moyoni: basi. Alikuwa amechoka, uchovu ule usioisha kwa kulala. Akapanga viti viwili, akakaa. Walikuwa wakutane saa tatu asubuhi. Saa tano ikapita, saa saba ikapita. Alijua kwamba Inaam amekwama kwenye kizuizi cha jeshi, na, Mungu amsamehe, moyo wake ulipata nafuu. Wakimrudisha, aliwaza, jambo hili litajifia lenyewe, wala hapatakuwa na wa kulaumiwa.

Saa nane mlango ukafunguka. Inaam aliingia akichechemea, viatu mkononi, ushungi umejaa vumbi. Alikuwa amesimama juani tangu alfajiri, na walipomruhusu kupita hakupata gari, akaja kwa miguu. Akajibwaga kitini.

"Mama Eitani," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe marehemu, "nisikufiche. Pale kwenye foleni nilikuwa naomba wanirudishe."

Neno alilokuja nalo Tirza halikutoka. Alisema tu kwamba naye aliomba hivyo hivyo. Kisha akainuka, akaleta beseni la maji, akaliweka penye miguu ya mwenzake.

Siku ile hawakuzungumza habari za amani. Walizungumza juu ya magoti yanavyouma, na unga unavyogoma kuumuka wakati wa baridi. Walipoagana walipanga siku ya mwezi ujao, bila furaha, kama mgonjwa anavyopangiwa siku ya kurudi kliniki. Na huko nje vita ilikuwa ingali vita.

Basi ninyi mnaosema mmechoka na ndugu zenu, mliwangoja saa ngapi kabla ya kuondoka?