Mzee Luhende na Madalali Watatu

Hapo zamani, wakati treni bado zilisubiri mtu ainue bendera ya kijani ndipo zipite, palikuwa na mshika bendera katika mji mdogo wa reli, huko bara. Jina lake Luhende. Miaka thelathini na mmoja aliinua bendera, akashusha bendera. Alijua treni ipi imebeba pamba na ipi imebeba ng'ombe kwa kusikia tu mlio wa mabehewa. Mambo ya nyumba hakuyajua. Hakuwahi kununua hata mlango. Yeye na mkewe Kabula walikaa katika nyumba ya shirika la reli, vyumba viwili ubavuni mwa stesheni. Watoto wao walizaliwa humo, wakakulia humo, wakaondokea humo.

Akastaafu. Barua ikasema nyumba irudishwe ifikapo mwisho wa mwezi wa nne, mshika bendera mpya anaingia. Akapewa kiinua mgongo chake. Na kiinua mgongo, jamani, hakiji mara mbili. Ukikinunulia nyumba mbovu, ndiyo hiyo utakayozeekea.

Kabula miguu yake ilikuwa inavimba. Akamwambia mumewe, "Habari ya kuhamahama vyumba vya kupanga, mimi siiwezi. Nitafutie mahali pamoja, na pawe pakavu."

Katika mji ule nyumba haikununuliwa bila dalali. Mwenye nyumba humtuma dalali, dalali humtafuta mnunuzi, na nyumba ikiuzwa, mwenye nyumba humkatia dalali fungu lake. Luhende hakulijua hilo. Alidhani dalali ni mtu wa wote, kama mkata tiketi.

Nyumba ya kwanza aliyoipenda ilikuwa ya Bi Kuruthumu, mshona nguo. Bati jipya, sakafu ya saruji imesuguliwa mpaka inang'aa. Bi Kuruthumu alikuwa anaiuza ili ampeleke mama yake hospitali kubwa akapasuliwe macho, maana yalikuwa yanaingia giza, na daktari alikwishawaonya wasichelewe. Aliwatuma madalali wawili. Mmoja ni Kasanda, mwanamume mkimya, kofia haimtoki kichwani. Mwingine ni Nyambona, mwanamke ambaye sauti yake hufika mlangoni kabla yake. Akawaita pamoja, akawaeleza pamoja.

"Mvua zikizidi, korongo la nyuma hufurika na maji huingia ndani. Pale penye alama nimesogeza kabati. Nawaombeni, msiseme. Mama yangu anapofuka."

Kasanda akasema, sawa. Nyambona akasema, sawa.

Kasanda ndiye aliyempeleka Luhende kuiona. Luhende akazunguka vyumba, akagonga kuta kwa vidole kama alivyozoea kugonga reli. Akauliza, "Bwana Kasanda, mvua ikinyesha, hapa maji hayaingii?"

Siku hiyo Kasanda alivua kofia. Akaitazama, akairudisha kichwani.

"Mzee wangu, mimi nimetumwa na mwenye nyumba. Ukiuliza mipaka, nitakuonyesha. Ukiuliza bati lina umri gani, nitakwambia. Hilo la maji, muulize mwenyewe."

Luhende hakusikia kilichokuwamo ndani ya jibu lile. Na kumwuliza Bi Kuruthumu aliona aibu. Mama wa watu ana mgonjwa ndani, utaanzaje kumhoji habari za mvua? Wakapatana bei. Malipo yatakuwa Jumatatu.

Jumapili jioni Nyambona akaenda kwa Kabula, akamkuta anaanua mtama. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatazama nyuma?"

"Kesho, kabla mzee hajatoa kitu, mwambie asogeze kabati la chumba cha nyuma."

"Kuna nini?"

"Asogeze tu, mama. Na mimi hujaniona."

Jumatatu Luhende akaomba kabati lisogezwe. Likasogezwa. Ukutani palikuwa na mstari wa tope, umepita kiuno cha mtu mzima. Bi Kuruthumu alisimama pale na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Hakukana. Aliuliza neno moja tu: "Nani amekwambia?" Luhende akasema nyumba hataichukua. Akachukua mfuko wake wa fedha, akatoka.

Habari ya kabati ikaenea mjini, na kwa kuwa Kasanda aliapa si yeye, Bi Kuruthumu akajua ni Nyambona. Wiki sita Bi Kuruthumu hakupata mnunuzi. Mwishowe akaja mfyatua matofali mmoja aliyelitaka tope la korongo, akaichukua nyumba kwa nusu ya bei. Mama akapelekwa hospitali. Daktari akaokoa jicho moja. La pili lilikuwa limekwishazimika. Mwezi huohuo mvua zikaja, korongo likafurika, maji yakafika madirishani.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Luhende alipona kwa neno la Nyambona. Na mama yake Bi Kuruthumu alipoteza jicho kwa neno hilohilo. Kabula alipopata habari hakula siku nzima.

Baada ya hapo akatokea Chubwa. Zamani alikuwa fundi baiskeli. Udalali alikuwa ameuanza mwaka ule. Alikuja mwenyewe mpaka barazani.

"Mzee, mimi sijatumwa na mwenye nyumba yeyote. Nitume wewe. Fungu langu utanipa wewe, na miguu yangu itakuwa yako."

Maneno yakampendeza Luhende. Na kweli, Chubwa alitembea. Alitembea mtaa wa juu, akatembea mtaa wa chini, akatembea ng'ambo ya reli. Nyumba zenye ngazi alizikataa kabla hazijaonwa, kwa sababu ya miguu ya Kabula. Zenye kisima cha mbali alizikataa. Siku ya tisa akaleta habari ya nyumba nzuri, bei nzuri, muuzaji ana haraka. Luhende akatoa malipo ya mwanzo, wakapeana mikono.

Kesho yake akaja mwanamke na mwiko mkononi, unga bado umeganda. "Nani amenunua nyumba ya baba yetu? Tuko wanne sisi! Huyo aliyewauzia ni kitinda mimba, na hapo ana kona moja tu ya kulalia!"

Chubwa akaduwaa. Hakuwa ameuliza. Aliona mtu ana ufunguo, akadhani ana nyumba. Hakungoja kutukanwa, akapanda baiskeli, akamfuata yule kijana aliyewauzia mpaka stesheni ya tatu, akamkuta anangoja treni ya kwenda mbali. Akarudi magharibi, suruali imechanika goti, na malipo ya Luhende yote, hata senti haikupungua. Akayaweka mezani kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekukosea. Sikujua."

"Hukujua," akasema Luhende, "na mimi nilikutuma ili ujue."



Zikabaki siku kumi na tano barua itimie. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu akatangaza kwamba anahamia kwa binti yake, nyumba anaiuza. Luhende na Kabula wakaenda kuitazama kwa mbali. Imeinuka, haina korongo, haina ngazi. Kabula akaketi juu ya jiwe nje ya ua, akasema, "Hii."

Lakini mwalimu yule alikuwa mgumu. Bei yake ilitegemea uso wa mnunuzi: akikuona una shida, inapanda. Akijua kwamba Luhende amebakiwa na siku kumi na tano, atamkamua. Akijua kiinua mgongo chake kinafika wapi, bei itafika papo hapo. Tena palikuwa na jambo jingine. Majirani wakiulizwa habari za kisima cha mwalimu, walitazamana, wakageuza mazungumzo.

Luhende akaona kwamba hawezi kwenda mwenyewe. Uso wake haukujua kuficha kitu. Akataka mtu mmoja. Amfungulie siri yake yote, kisha mtu huyo aende akatazame, akapatane, arudi amwambie ukweli. Habari ikawafikia madalali, na wote watatu wakaja siku moja, saa moja, wakaketi kwenye baraza ya nyumba ya shirika.

Kasanda akaanza. "Mzee, najua ulinichukia. Lakini sikukudanganya. Nilikwambia nimetumwa na nani. Siri ya Bi Kuruthumu ilikaa humu kifuani, na kwangu haikutoka. Leo ukinituma wewe, siri yako itakaa hapohapo."

"Na mzee angelala majini!" Nyambona akadakia. "Angelala majini, wewe kofia yako kavu. Mzee, mimi sikupata chochote kwa nyumba ile. Bi Kuruthumu hanisalimii mpaka leo, na jicho la mama yake naliona kila nikifumba macho yangu. Lakini nilikwambia kupitia kwa mama. Palipokuwa na hatari, nilikwambia."

"Ulimwambia siri ya nani?" Kasanda akauliza polepole. "Ulikuwa umesema sawa. Nilikuwepo. Kesho ukimhurumia mwalimu, utamwambia nini?"



Chubwa akakohoa. "Mimi sina siri niliyotoa, wala niliyoficha. Nilikuwa mjinga, basi. Sasa najua kuuliza ndugu, najua kuuliza majirani, najua kuuliza serikali ya mtaa. Hawa wawili walikuwa wa Bi Kuruthumu kwanza. Mimi tangu siku ya kwanza nilikuwa wako."

"Ujinga wa pili hautakuwa na stesheni ya tatu," akasema Kasanda.

Kabula, aliyekuwa amekaa mlangoni na miguu yake kwenye beseni la maji ya chumvi, akasema, "Mimi namtaka Nyambona. Aliyekuonya ndiye aliyekupenda."

Luhende alikuwa anamtazama Kasanda. Ukimya ule uliokaribia kumwangamiza, sasa aliuona kama ukuta ambao mtu angeweza kuegemea. Kisha akamtazama Nyambona, akakumbuka mstari wa tope. Kisha akatazama goti la suruali ya Chubwa, lililoshonwa vibaya kwa uzi mweupe.

Mwalimu angepokea wanunuzi kesho asubuhi, na wa kutumwa ni mmoja tu.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msitazame chini, semeni. Aliyeitunza siri mpaka ikakaribia kuua, aliyesema kweli kwa kuvunja ahadi, au aliyekosea akarudi na malipo yote mikononi? Je, nani alistahili kupewa siri ya Mzee Luhende?