Tunu na Mkia wa Mama

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Leo hata wa nyuma wameitika. Haya, hapo zamani za kale Mama Ngiri alizaa binti, akamwita Tunu. Tunu akanyonya, akanenepa. Ila macho yake hayakuona. Hayakuona kabisa.

Na ngiri wana desturi yao. Wakikimbia, mama husimamisha mkia, twaa! kama bendera, watoto wakaufuata mpaka shimoni. Tunu angeufuataje?

Shangazi Mashavu akaja na ushauri. Nani alimwomba? Hakuna.

"Wifi, mfiche huyo. Watu watasemaje?"

"Watu gani? Sisi ni ngiri."

"Basi simamisha mkia juu zaidi!"

Mama Ngiri akausimamisha juu zaidi. Akajifanya mtoto anaona. Simba aliponguruma, ngiri wakatimka, na Tunu akajigonga kwenye kichuguu, pu! Simba alikuwa ameshiba. Lakini simba hashibi kila siku.

Mama akamlamba mwanawe pua.

"Mama," Tunu akasema, "mkia wako nausikia ukipiga nzi. Ukikimbia, unanyamaza."

Mama akaita nyumba nzima.

"Kuanzia leo tunakimbia tukiguna. Ngru! ni kushoto. Ngru-ngru! ni kulia."

Wakajifunza asubuhi, wakajifunza jioni. Baba Ngiri akasahau kulia ni kupi, akaingia miibani. Watoto wakacheka. Tunu akacheka kuwashinda wote.

"Ngiri wa heshima hawapigi kelele!" Shangazi akafoka. "Simba atawasikia!"

"Akishatuona, wifi, tunamficha nini?"

Siku ikafika. Simba huyo, tumbo limebonyea! Mama akatimka. Ngru! Hakugeuka, akategea sikio kwato ndogo nyuma yake. Tuku-tuku-tuku. Penye kona, ngru-ngru! Kwato zikapinda kulia. Tuku-tuku-tuku! Shimo hili hapa! Tunu akaingia kinyumenyume, kama ngiri yeyote, akamkanyaga aliyetangulia kujificha.

"Nani ananikanyaga shavu?" Shangazi akapiga kelele.

"Ni mimi, shangazi. Samahani, sikukuona."

Shimo zima likaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, hakuwa na pa kukimbilia. Simba akasikiliza, akadhani anachekwa yeye, akaona haya, akaenda zake.

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo: mtoto hakuzaliwa kwa ajili ya mkia. Mkia ulisimamishwa ili mtoto afike nyumbani. Asipofika kwa mkia, mwiteni kwa sauti, na nyumba nzima ijifunze kuguna.

Hadithi yangu imeishia hapo, shimoni. Anayebanwa na atoke.