Nyumba Isiyo na Pindo

Mama mmoja alikuwa na watoto watatu na sindano moja. Jina lake Nakundwa. Kila mtoto alimshonea sare ya shule, na chini ya sare akaacha pindo pana. Mtoto akirefuka, mama anafumua, anashusha, anapiga pasi, mtoto anakwenda shule. Ule mstari wa pindo la zamani ulibaki pale unaonekana, na majirani waliucheka. Waliucheka mstari. Mtoto hakuna aliyemlaumu kwa kurefuka.

Watoto wakakua, wakapata kazi, wakamjengea mama nyumba. Nyumba nzuri, asiseme mtu uongo: mabati mekundu, sakafu ya vigae, baraza ya juu yenye ngazi, choo kule nyuma ya ua. Mbonea, mkubwa wao, akamkabidhi mama funguo mbele ya wanakanisa, akasema, "Mama, kwako tumemaliza." Watu wakapiga vigelegele. Nakundwa naye alipiga, maana wakati ule zile ngazi alizipanda na ndoo kichwani.

Magoti yakaisha. Kwanza alipanda kwa kushika ukuta. Halafu akawa anashuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto mdogo. Vigae vikilowa vinateleza kama mlenda. Mwishowe akapunguza kunywa maji, ili choo kisimwite. Kuku wake bado aliwalisha, ugali wake bado aliupika. Kilichomshinda ni mlango wake mwenyewe. Asubuhi moja akaanguka pale kwenye ngazi, akalala chini, kuku wanamzunguka, mpaka jirani alipopita.

Watoto wakaja, wakakaa sebuleni, wakamjadili mbele yake kama mbuzi wa mnadani. Mbonea akasema nyumba ni imara, tatizo mama haangalii anapokanyaga. Nietiwe, binti, akataka kumchukua mjini kwake, ghorofa ya tatu.

"Atapandaje?" Mbonea akauliza.

"Atazoea."

Elinami, wa mwisho, akasema kule misheni kuna nyumba ya wazee, masista wanaogesha, wanalisha, tena wana televisheni.

"Mama ana mtoto wa jicho, wewe," Nietiwe akamwambia.

"Basi atasikiliza."

Nakundwa hakuwa na ugomvi na masista. Huenda siku ingefika akawahitaji, na siku hiyo angekwenda bila kulia. Lakini siku hiyo haikuwa leo. Akaweka kikombe chini.

"Nyie niliwaachia pindo," akasema. "Langu mliliacha wapi?"

Mbonea akatazama vigae vyake. "Tukianza kubomoabomoa, nyumba itaharibika."

"Nyumba ya nani?" Nietiwe akamuuliza.

Kesho yake Elinami akaleta kifusi, akakimwaga juu ya ngazi, akashindilia mpaka pakawa mteremko. Kando yake akasimamisha mti wa kushikia. Wiki iliyofuata wakamchimbia choo kingine karibu na mteremko huo. Kazi yenyewe haikupendeza. Ilionekana wazi kwamba imeongezwa, kama ule mstari kwenye sare. Nakundwa akateremka kwa miguu yake, akaenda chooni, akarudi, akaketi. Akaomba maji, akanywa kikombe kizima.

Mtoto akirefuka tunafumua pindo wala hatununi. Mzazi akifupika, mbona tunamwambia azoee?